SAA YA MCHEZO NA SAA YA ADHANA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Muislamu, mwezi uliopita mzazi mmoja alinijia kwa hasira. Mwanawe wa miaka 13, mwanafunzi wa chuo chetu, amekimbilia kwa bibi yake. Adhana ya Magharibi ilikuwa inaita, mtoto yuko kwenye PlayStation, baba akachomoa waya katikati ya mpira. Mtoto akamjibu baba neno lisilosemwa. Sasa baba alitaka niseme michezo hiyo ni haramu, yaishe.

Sikusema. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Na sahaba Handhala alipojiogopea unafiki, kwa kuwa moyo wake nyumbani haukuwa kama mbele ya Mtume, alifundishwa kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Basi nikamwita kijana, nikamwambia: nifundishe wewe leo.

Akaniambia nisilolitarajia: mchezo wenyewe una saa yake. Katika Super Mario Bros., mchezo wa Wajapani wa mwaka 1985, kuna hesabu juu ya kioo, katika hatua nyingine inaanzia 400 na kushuka. Ikibaki 100 muziki unaanza kukimbia. Ikifika sifuri mchezaji amekufa, ijapokuwa hakuna adui aliyemgusa. Ukimaliza mapema, kilichobaki kinageuzwa pointi. Nikamuuliza: na saa hiyo ikiondolewa? Akacheka. "Mwalimu, utamu utapungua. Nitatembea tu."

Lakini wengine, alisema, saa inawaharibia. Mdogo asiyejua njia anaharakishwa mpaka analia. Akanisimulia mchezo mwingine, Majora's Mask wa mwaka 2000: una siku tatu tu kabla mwezi haujaangukia nchi. Wako wanaoupenda kwa hofu hiyo, na wako waliouacha kwa hofu hiyo hiyo. Na humo mchezaji ana filimbi. Akiipiga, anarudi siku ya kwanza. Hapo nilinyamaza kidogo. Nimepita miaka hamsini, na filimbi hiyo sijaiona sokoni.

Nikawaita wote wawili. Wewe mzazi unayesoma karatasi hii, sikiliza pia. Kumkatia mtoto mpira dakika mbili kabla ya mwisho ni kumnyang'anya sahani mkono ukiwa mdomoni. Hajifunzi kipimo, anajifunza chuki. Na ubaya zaidi, chuki hiyo anaifunga na sauti ya adhana. Mwambie mapema: mechi mbili baada ya Alasiri, kisha zima. Mwache amalize ya pili. Na wewe kijana, refa akipuliza kipenga humtukani, unaweka maneti chini. Muadhini amekukosea nini?

Zaidi naogopa michezo ya simu, kwa sababu mingi haina kipenga, na mingine kipenga chake ni biashara. Candy Crush, iliyotoka mwaka 2012, inakupa nafasi tano. Ukipoteza moja unangoja dakika 30 irudi, na asiyeweza kungoja analipa. Kikomo hicho hakikuwekwa ili upumzike. Kimewekwa ili hamu ikupande mpaka utoe pesa. Watu wazima wenye ndevu nimewaona nayo hapa kwenye baraza, wakingoja khutba.

Kijana amerudi kwa baba yake. Amevunja ahadi mara mbili, nami nimemwambia baba asihesabu sana. Jumatatu alitukuta rakaa ya pili ya Magharibi, anahema, kiatu kimoja bado mkononi.

Wabillahi tawfiq. Wassalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.