Kufumba na Kufumbua

Macho yetu hayatulii. Hupepesa, hukonyeza, hurembua, hukodoa, hufumba. Kupepesa hutokea kwenyewe, mara 15 hadi 20 kwa dakika moja, wala hapana anayeulizwa kwa nini amepepesa. Kufumba ni jambo jingine. Mara nyingi hutaka nia, na penye nia ndipo maswali ya wema na ubaya huanzia.

Mzizi wa neno hili haukuhusu jicho peke yake. Hufumbwa kinywa, hufumbwa mkono, na kitu kilichoshikwa ndani ya kiganja husemwa kimefumbatwa. Wazee wa pwani walilala ndani ya fumba, yaani mkeka ulioshonwa kama mfuko. Wazo lililo katika maneno yote hayo ni lile la kukutanisha kingo mbili ili kilichomo kisionekane. Kisha lugha ikatia kiambishi cha kutengua, kama ilivyofanya katika kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua, tukapata kufumbua. Kutoka hapo neno la mwili likawa neno la akili: tuna fumbo, tuna na ufumbuzi. Yafaa mwanafunzi alitazame jambo hili kwa makini, maana fumbo si uongo. Uongo hauna kitu ndani yake cha kufumbuliwa.

Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka 1879 na kuishi katika misioni ya Bagamoyo, alikusanya maneno ya namna hii kwa kamusi yake kubwa iliyochapwa Paris kuanzia mwaka 1939. Lakini kamusi hutupa maana tu. Hukumu ni juu yetu.

Neno linalotushughulisha hasa ni kufumbia macho. Irabu ile moja iliyoongezwa ndiyo yenye uzito, kwa kuwa ni alama ya kutendea: hufumbi tu, bali unafumba kwa ajili ya kitu au mtu. Tena ni lazima uwe umekwisha kuona. Hapana amwambiaye kipofu kwamba amelifumbia macho jambo. Kwa hiyo neno lenyewe linauliza: umeona nini, na umefumba kwa faida ya nani?

Tusiharakishe kulaani. Katika vijiji vya Vigwaza, kama kwingineko pwani, mgeni aonaye chungu kimepinduliwa mchana husema ameshiba atokako. Mwalimu aonaye kiraka katika sare ya mtoto hutazama daftari lake. Mkwe husikia ugomvi wa wanawe chumbani akaanza kukohoa tangu uani. Huku ni kusitiri, na watu wasiojua kusitiriana hawawezi kukaa pamoja hata mwezi. Ingawa sitara nayo ina mpaka wake, kama wahenga walivyonena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa tutoke uani twende barabarani. Hapo hapo Vigwaza, katika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, kuna mizani ya kupimia magari makubwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka tani 56 kuwa ukomo wa uzito wa gari na mzigo wake. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidishiwa moja ya tano tu huumiza lami kama mara mbili. Iliyozidishiwa maradufu, mara 16. Hatusemi kwamba yeyote pale amefumba macho. Twasema tu kwamba kama mpimaji yeyote, popote, angefumba, shimo litakalochimbika halitakuwa lake. Atakayelikuta ni dereva wa usiku na abiria wake wasiojulikana.

Hapo tunaona tofauti. Mgeni wa chungu kitupu amefumba kwa gharama yake mwenyewe: amelala njaa. Mpimaji wetu wa mfano amefumba kwa gharama ya wengine, na kama baada ya kufumba atakonyeza, basi amekwisha kuwa mshirika, kwani kukonyeza ni kufumba jicho moja na kuacha la pili lisimamie mapatano.

Pengine msomaji atasema: dereva naye ana watoto, na huruma ni utu. Ni kweli. Lakini huruma ya utu hutoka katika mfuko wa mwenye kuhurumia, wala haitolewi katika mali ya umma bila umma kuulizwa.

Lililo gumu zaidi ni kufumbua. Lugha yetu ina neno la heshima, shahidi, na ina neno la dharau, mchongezi. Na mara nyingi tendo ni lile lile, mtu kusema alichokiona. Katika chumba cha mtihani mwanafunzi aonaye mwenzake akinakili kutoka katika karatasi iliyofichwa hujua vema jina atakaloitwa bwenini usiku ule. Walimu nasi, tumjibu nini akituuliza kabla hajasema?