Jeti Ndogo

Kitu chenyewe ni kidogo kuliko kucha ya kidole changu cha mwisho. Ni kipande cha shaba chenye tundu katikati, upana wa milimita moja na kidogo. Kinaitwa jeti, na kinakaa ndani kabisa ya kabureta ya injini ya boti, mahali ambapo hakuna anayepanda boti hiyo atawahi kuchungulia. Nikiwa na miaka 19 nilibadilisha kimoja kwa siri, na tangu siku hiyo kuna swali limekataa kuniacha: ukikosea na asiumie mtu, umekosea kiasi gani?

Hii ilikuwa Sori, pale Karungu, kaunti ya Migori. Nilikuwa nimemaliza form four, sina kazi, nikawa mshika spana wa mjomba wangu, fundi wa injini za boti. Sisi Wajaluo mjomba tunamwita nera, naye akaniita okewa, mtoto wa dada yake. Ufuo mzima ulijaa Yamaha za farasi 15 na 40, zile za kuchanganyiwa oili ndani ya petroli, nyingine zimenizidi umri.

Iliyotuletea shida ilikuwa ya farasi 15. Kabureta yake ilikuwa imeliwa na kutu, floti inavuja, na nyuzi za skrubu zimeisha. Nera aliisafisha mara mbili, mara ya tatu akaiweka chini na kusema imechoka, itafutwe nyingine.

Kabureta kazi yake ni kuchanganya. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inaongeza kasi, mkandamizo wake unashuka, na petroli inanyonywa kupitia jeti na kurushwa kama ukungu. Kila kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Petroli ikizidi, injini inatoa moshi, inasuasua, na plagi inatoka nyeusi na kulowa. Ikipungua, injini inapiga chafya kwenye kabureta na plagi inakuwa nyeupe kama mfupa. Nera alitaka plagi rangi ya chai iliyokolea. Skrubu ya sailensa alikuwa anaikaza taratibu mpaka mwisho, anailegeza mzunguko mmoja na nusu, halafu anaanza kusikiliza. Na hakuwahi kumalizia kazi kwenye pipa la maji kama mafundi wengine. Ilikuwa lazima boti ishushwe ziwani, ifungwe kamba, na injini itiwe gia. Alikuwa akiniambia, "Okewa, injini isiyobeba mzigo inakudanganya."

Sasa mwenye boti. Petroli ilikuwa imepanda bei na omena imepungua. Akamwomba nera aweke jeti ndogo ili injini inywe kidogo. Nera akakataa. Sababu aliitoa palepale: injini hizi oili yake inakuja na petroli. Sisi tulichanganya lita moja ya oili kwa lita 50. Kwa hiyo ukipunguza petroli, umepunguza oili pia, na petroli yenyewe ndiyo inayosaidia kupoza pistoni. Kwa mwendo mdogo hutaona kitu. Fungua mafuta mpaka mwisho kwa nusu saa, boti ikiwa imejaa, pistoni itapata moto, itavimba, itashika. Mwenye boti alisikiliza yote, akasema sawa.

Kesho yake nera alinituma Homa Bay kununua kabureta ya mtumba. Nilikuwa ndani ya matatu, tumepita Ndhiwa tunaelekea Rodi, simu ikalia. Ni mwenye boti. "Omera, ukifika huko chukua na jeti moja ndogo kuliko ile ya kawaida. Mjomba wako ni mzee, anaogopa vitu vipya." Kabla sijajibu nikaona M-Pesa imeingia. Elfu moja. Kwangu wakati ule hiyo haikuwa pesa ya mchezo.

Jioni hiyo nera alikuwa matangani. Nilifunga kabureta mpya, gasketi mpya, jeti ndogo. Nikapanga sailensa kwa sikio kama nilivyofundishwa. Injini ikaimba. Kwa wiki tatu ilikunywa kidogo na boti ikarudi kila asubuhi, na mwenye boti akanisifu mbele ya watu. Nikaanza kuamini kwamba nera kweli ni mzee.

Wiki ya nne, usiku wa giza, usiku wenyewe wa omena, injini ilishika. Watu wanne walikuwa ndani. Usiku upepo wa kwetu unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo ukikosa injini unasukumwa mbali na nyumbani, kuelekea mpaka ambao hauna alama kwenye maji. Walipiga kasia, wakachoka, wakawacha taa zao za sola zikiwaka ili waonekane. Asubuhi boti nyingine ikawavuta. Omena walikuwa wameanza kuharibika. Wanne wote walifika wazima, wakanywa chai, wakacheka. Kila mtu akalaumu petroli, kwamba imechanganywa na mafuta ya taa. Haikuwa lawama ya ajabu. Mchezo huo umesumbua Kenya mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuvunja. Mwenye boti alilaumu petroli. Na mimi nikalaumu petroli.

Miaka mingi baadaye, Nairobi, nilikutana na maandishi ya wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, ambao mwaka 1976 walijadili kitu walichokiita bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva mlevi ambaye gari lake linapanda njia ya waendao kwa miguu. Kukiwa na mtu pale, huyo ni muuaji. Kusipokuwa na mtu, ni mzembe tu, atalipa faini aende nyumbani. Madereva hao wawili walifanya kitu kilekile, na tofauti iliwekwa na mtu waliyekuwa hawamjui, aliyechelewa au aliyewahi kupita. Nikajiona pale. Upepo ungekuwa mkali kidogo usiku ule, leo ningekuwa mtu mwingine, ninaitwa jina lingine Sori, na jeti ingekuwa ileile.

Kuna rafiki niliyemsimulia akanitetea. Akasema mwenye mali alikubali, tena aliomba mwenyewe. Na wavuvi pia walifaidi, kwa sababu kwenye boti ile bei ya petroli ilitolewa kwanza ndipo kilichobaki kigawanywe. Hata wao wangekubali.

Huenda. Lakini neno "wangekubali" ni letu, tuliobaki ufuoni. Mwenye boti alihatarisha injini. Maisha yaliyohatarishwa hayakuwa yake, na wenye maisha hawakuulizwa. Hii habari haiko ziwani peke yake. Fundi wa umeme anaacha waya wa ethi kwenye ploti ya Pipeline kwa sababu landlord anataka kuokoa pesa. Landlord amekubali, sawa. Anayeoga na instant shower je? Wewe unayesoma hii kwa simu, jiulize ni vitu vingapi umepanda, umekula au umelalia leo ambavyo watu wawili walikubaliana juu yako bila wewe kuwepo.

Nera alirudisha injini kwenye meza, akafungua kabureta kwanza. Sikujua kwa nini alianzia hapo. Akatoa jeti, akaisoma namba yake kwenye mwanga, akaniwekea kiganjani. Hakupiga kelele.

"Nera, hawajaumia," nikasema.

"Nimewaona. Wako sawa. Wanajua?"

"Mwenye boti anajua."

"Sijauliza yeye."

Nilimwambia kwamba hata pistoni ingeweza kushika kwa sababu nyingine, kwamba petroli ya wiki ile kweli ilikuwa na harufu. Akakubali kwamba inawezekana. Hilo ndilo limeniuma zaidi kuliko kama angebishana. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba ni jeti yangu. Ninachoweza kuapa ni kwamba wale wanne walitoka usiku mara nyingi wakiwa na kitu ambacho mimi nilikijua na wao hawakukijua. Bahati iliamua nitalipa nini. Deni lenyewe lilikuwepo tangu jioni ya kwanza, hata boti iliporudi salama.

Nilienda kumwambia mkubwa wao, mwanamume wa makamo, nikamkuta anashona wavu. Nilieleza yote, elfu moja na yote. Akaendelea kushona kitambo.

"Kumbe. Sisi tulidhani ni petroli."

"Pole, jaduong'."

"Umerudisha ile kubwa?"

"Nimerudisha. Na pistoni imebadilishwa."

"Leo tunatoka saa kumi na mbili," akasema. "Lete sweta. Huko ni baridi."

Nilikaa nyuma karibu na injini usiku kucha, nikiisikiliza.