Kabla ya Kipaji

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani. Alipokuwa kijana alivitembeza vyungu vya mama yake akivinadi, na sauti yake ilikuwa ikifika kabla yake. Kila Mzanzibari anaijua hadithi hii, na mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya kipaji: Mungu alimpa sauti, sauti ikamtoa shamba ikamleta mjini, na mwaka 1928 ikamvusha bahari hadi Bombay kurekodi santuri, jambo ambalo mwanamke wa Afrika Mashariki alikuwa hajalifanya. Shaaban Robert akaona maisha hayo yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu.

Katika masimulizi hayo yupo mtu anayepitwa haraka mno. Ni Ali Muhsin, mpiga ala wa mjini, aliyeisikia sauti ile, akakaa na mwenyewe, akamfunza kuimba pamoja na ala, kisha akamjulisha kwa wapigaji wenzake. Bila yeye Siti angebaki na koo lilelile na pumzi ileile. Angekuwa muuza vyungu mwenye sauti nzuri, na majirani wawili watatu wangemkumbuka kwa hilo. Leo hakuna ambaye angebishania ukubwa wa kipaji chake, kwa kuwa hakuna ambaye angejua kwamba kilikuwapo.

Hapo ndipo panapozaliwa swali lenye uzito wa kidini na wa kifalsafa, nalo linagusa kila chama, kanisa, madrasa na kikundi cha mtaa kinachojaribu kuwafunza muziki watu ambao kwa kawaida hawafunzwi. Tumezoea kuamini kwamba kipaji hutangulia na mwalimu hufuata: mtoto huonekana ana kitu, ndipo hutafutiwa wa kumwendeleza. Huenda mpango huo umepinduliwa.

Waislamu na Wakristo wanakubaliana kwamba vipaji hutoka kwa Mungu. Tuliache hilo kama lilivyo. Lakini kama Mwenyezi Mungu hagawi kwa kuangalia mtaa, mbona jijini Nairobi kwa miaka mingi waliosoma piano na fidla walitoka katika nyumba zilezile zenye uwezo, na mbona Zanzibar, kizazi baada ya kizazi, mikono iliyoshika udi ilikuwa ya wanaume? Majibu ni mawili tu. Ama Mungu ameupendelea mtaa mmoja kuliko mwingine na jinsia moja kuliko nyingine, ama kilichopungua ni mwalimu, ala, ada na ruhusa. Hakuna muumini atakayekubali jibu la kwanza. Basi kila anayesema kwamba watoto wa mahali fulani hawana vipaji vya muziki, wakati hawajawahi kupewa ala mkononi, anamsingizia Mungu neno ambalo asingethubutu kulisema waziwazi.

Aristotle aliliona jambo hili nusu. Katika kitabu chake cha maadili alieleza kwamba mtu huwa mpiga kinubi kwa kukipiga kinubi, kama mjenzi anavyopatikana kwa kujenga. Uwezo hauji kwanza ukasubiri kazi. Kazi ndiyo inayouzaa. Lakini alipofika kwenye siasa, mwanafalsafa huyohuyo aliwafikiria watoto wa raia huru, akataka wafunzwe muziki kwa kiasi, na wale wanaoupiga kwa malipo akawaona watu wa daraja la chini. Alijua mwanamuziki hupatikanaje, akaacha kuuliza nani ananyimwa nafasi ya kupatikana.

Swali hilo limejibiwa kwa vitendo Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, aliwakusanya waumini wenzake wa Kanisa la Kimbangu akaanzisha okestra ya simfoni. Wengi hawakuwa wamewahi kugusa fidla. Fidla zenyewe zilikuwa chache kuliko watu, hivyo mmoja alipiga kwa dakika kadhaa kisha akampisha anayengoja. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli uliwekwa mahali pake. Ala nyingine zilifumuliwa ili wajue zimeundwaje, kisha wakaunda zao. Wapigaji walikuwa mafundi, wauzaji wa sokoni, watu wa vibarua, ambao jioni walikwenda mazoezini baada ya siku nzima ya kuhangaikia mkate. Filamu ya mwaka 2010 iitwayo Kinshasa Symphony inawaonyesha umeme ukikatika katikati ya mazoezi nao wakiendelea kupiga gizani. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimpa Diangienda uanachama wa heshima.

Wageni waliokwenda kuitazama okestra hiyo walivutiwa na ajabu ya Beethoven katikati ya vumbi la Kinshasa. Kwa hakika ajabu kubwa zaidi ni imani iliyo nyuma yake. Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu, aliyeanza kuhubiri na kuponya huko Nkamba mwaka 1921 na mwaka huohuo akakamatwa na Wabelgiji waliokuwa wakiitawala Kongo. Alihukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na baada ya miaka 30 akafia gerezani Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Kanisa lake halikutambuliwa na serikali hadi Desemba 1959. Katika miaka ile ya kujificha, waumini waliimba. Nao wanaamini kwamba nyimbo zao hunaswa kutoka mbinguni, katika ndoto au njozi, na kwamba anayejaliwa kuunasa wimbo si lazima awe msomi wa muziki.

Itikadi hiyo ina matokeo makubwa. Ikiwa wimbo wa mbinguni unaweza kumshukia yeyote, nani atathubutu kumwambia mama muuza mihogo kwamba yeye si mtu wa muziki? Mlango umekwisha funguliwa na Mungu, na kazi ya jumuiya ni kutoufunga. Hata hivyo Wakimbangu hawakukaa wakingoja njozi iwafundishe kushika upinde wa fidla. Wimbo unaweza kushuka usiku mmoja. Vidole huchukua miaka. Okestra ile iliamini karama na mazoezi kwa pamoja, bila kuona ugomvi kati yake, na hilo ni somo la theolojia lenye kina kuliko vitabu vingi.

Zanzibar suala ni gumu zaidi, kwa sababu huko mlango haukufungwa na umaskini peke yake. Mapokeo yanasema Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, na taarab ikaanza kama burudani ya kasri. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Siti na wenzake waliutoa muziki huo katika Kiarabu cha watawala wakautia katika Kiswahili cha mtaa wa Ng'ambo. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao, kama Royal Navy na Nuru el-Uyun, wakichangishana, wakishona sare na kushindana kwa nyimbo. Walitawala jukwaa kwa sauti. Ala, kwa sehemu kubwa, zilibaki kwa wanaume.

Hali ilianza kubadilika pale chuo cha muziki cha nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, kilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, katika jengo la Forodha ya zamani. Wasichana waliketi darasa moja na wavulana wakajifunza udi, ganuni, fidla, dumbaki na kusoma noti. Mwaka 2009 mwandishi wa habari mkongwe Mariam Hamdani aliunda kikundi cha taarab cha Tausi, ambacho wanawake wenyewe ndio wanaopiga ala. Kutoka chuoni wakatoka pia wanamuziki wa Siti & The Band, na kiongozi wao Siti Amina huimba huku udi uko mapajani mwake. Kijana wa kike wa leo akisema anataka udi, anao wa kumwonyesha baba yake.

Baba huyo anaweza kuwa na hoja, na hoja yake isidharauliwe. Ndani ya Uislamu suala la ala limejadiliwa kwa karne nyingi, na wapo wanazuoni wakubwa wanaozikataza. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipa suala la kusikiliza muziki sehemu nzima ya Ihya Ulum al-Din. Alisema sauti nzuri si haramu kwa uzuri wake, kwani hata ndege huimba. Zipo ala alizozikataza, zikiwemo za nyuzi, lakini sababu aliyoitoa ni kwamba zilikuwa alama ya vikao vya walevi. Msomaji makini ataona uzito wa jambo hilo: katazo linafuata mazingira, watu na nia. Al-Ghazali asigeuzwe kuwa wakili wa chuo cha muziki, maana hakuwa. Lakini njia yake ya kufikiri inampa mzazi swali la haki la kuuliza: binti yangu ataketi na nani, atapiga nini, kwa ajili gani? Chuo kinachopokea maswali hayo kwa heshima, kikamkaribisha mzazi darasani asikilize mwenyewe, kinafanya kazi ambayo mihadhara mia haiwezi.

Tena mfano wa kufundisha kwanza na kugundua baadaye umo ndani ya dini yenyewe. Mtume alimsifu Abu Musa al-Ashari kwa usomaji wake wa Qur'ani, akaifananisha sauti yake na zumari za jamaa ya Daudi. Lakini madrasa ya uswahilini haimfanyii mtoto mtihani wa sauti kabla ya kumpa alifu. Huingia wote, wenye sauti kavu na wenye sauti laini, mtoto wa mvuvi na wa tajiri, na wote hufunzwa kuvuta, kukata na kupumua panapostahili. Kati yao, baada ya miaka, hujitokeza msomaji anayewaliza watu. Hakuna mwalimu aliyemjua siku ya kwanza. Kwaya za makanisa ya bara hufuata njia hiyohiyo: anayekuja mazoezini Jumamosi huwekwa kwenye sauti yake, akafundishwa do re mi ubaoni.

Nako Korogocho, Nairobi, karibu na jalala la Dandora, mradi wa Ghetto Classics wa kuwafunza watoto muziki ulianza mwaka 2008 katika uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana. Mwanzilishi wake, Elizabeth Njoroge, alianza na watoto wachache. Leo waliojifunza zamani ndio wanaowafunza wadogo zao, na hapo ndipo ulipo uhai wa mradi. Ukisimama pale, mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, unasomeka tofauti. Katika mfano huo bwana anamlaumu mtumwa aliyeifukia talanta yake ardhini. Na kwa yule ambaye udongo umerundikwa juu yake na wengine, kabla hajajua kwamba amepewa kitu, atalaumiwa nani?

Wapo wanaoitilia shaka miradi ya namna hii, na shaka zao zina mashiko. Venezuela, ambako José Antonio Abreu alianzisha mwaka 1975 mpango wa okestra za vijana uitwao El Sistema, mtafiti Geoffrey Baker alichapisha kitabu mwaka 2014 akidai kwamba okestra zile zilijenga utii kuliko uhuru, na kwamba sifa za kuwaokoa maskini zilizidi ukweli. Hatari hiyo ipo popote. Mtoto wa Korogocho anaweza kufundishwa apige vizuri ili wafadhili wafurahi, kisha basi. Kipimo kinachofaa ni kimoja: je, mwanafunzi anaweza kuondoka na elimu aliyoipata akaitumia apendavyo, hata kwa muziki ambao mwalimu wake haupendi? Zanzibar jibu linatia moyo, maana waliosoma mizani ya sauti ya Kiarabu (maqam) na noti pamoja wanatunga vitu ambavyo wazee wa vyama vya taarab hawakuvifikiria.

Shaka ya pili ni ile ya maji kwanza, dawa kwanza, muziki baadaye. Inatamkwa kwa nia njema, lakini mara nyingi anayeitamka hayuko kwenye foleni ya maji. Wakimbangu walikuwa na shida zote za Kinshasa na bado walichagua fidla. Maskini naye ana haki ya kupanga anachokihitaji.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, kwamba kipaji hakiwezi kuonekana kabla ya kufundishwa, basi wajibu wa jamii hauanzi mtoto anapong'aa. Unaanza kabla. Unamhusu hata yule ambaye hatang'aa kamwe, kwa kuwa hakuna njia ya kumtenga bila kumpoteza mwenzake. Kumfadhili bingwa aliyekwisha jitokeza ni rahisi, na makampuni hupenda kupigwa naye picha. Kumlipa mwalimu wa darasa la watoto 30, ambao huenda hata mmoja asiwe maarufu, kunahitaji imani.

Na kunahitaji fedha. Mwaka 2019 chuo cha muziki cha Zanzibar kilitangaza kwamba kinakaribia kufungwa kwa ukata. Kwa mujibu wa chuo chenyewe, saba kati ya kila kumi ya wanafunzi wake 80 wa muda wote walishindwa kulipa ada ya kama dola 13 kwa mwezi. Wafadhili wa nje walikuwa wamekibeba kwa miaka mingi, na walipopunguza mkono kikayumba. Kutegemea hisani ya mbali kwa jambo ambalo ni wajibu wa karibu ni udhaifu ambao jamii za Afrika Mashariki zina uwezo wa kuuondoa. Visiwani upo utaratibu wa wakfu, ambao kwa karne nyingi umewezesha nyumba na mashamba kuhudumia misikiti, visima na madrasa. Wanazuoni wanaweza kuketi wakaamua ni mafunzo gani, kuanzia kasida na dufu, yanaweza kuingia humo. Bara zipo harambee na kamati za harusi zinazokusanya mamilioni kwa wiki chache kwa ajili ya usiku mmoja. Kamati kama hiyo, katika mtaa mmoja, ikiamua kubeba mshahara wa mwalimu mmoja wa muziki kwa mwaka, pamoja na nyuzi za udi na kodi ya chumba, ina kila kitu inachohitaji ili kuanza: mwekahazina, daftari la michango, na watu waliokwisha zoea kutoa.