Nikodemo, Kumekucha!

Nikodemo alimwendea Bwana usiku. Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, shikeni neno hilo moja: usiku. Mzee wa baraza, mjuzi wa sheria, anajua fika ukweli uliko, lakini anangoja mji ulale ndipo abishe hodi.

Mimi nimelelewa na Nikodemo. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, nilikuwa kijana wa kumpigia kasia. Tukishafika ndani ya ziwa, karabai zimewashwa, dagaa wanazunguka chini ya mwanga kama vumbi la fedha, wazee walianza kusema. Walisema sabuni haionekani dukani, na anayeifuata Burundi anaitwa mhujumu. Walisimulia walivyoteremshwa kutoka milimani wakati wa operesheni ya vijiji, michikichi yao ikabaki nyuma bila wa kuiangua. Walitaja hata majina ya wakubwa. Alfajiri mtumbwi ukigusa mchanga, baba alizima taa, na midomo ikazimika pamoja nayo. Saa nne mkutanoni, mtu akipaza sauti "Zidumu fikra za Mwenyekiti!", ni baba yule yule aliyeitikia "Zidumu!" kwa sauti kuliko wote. Simhukumu. Alikuwa na watoto saba, na mjumbe wa nyumba kumi alikuwa ukuta kwa ukuta na sisi.

Lakini nawaambieni, tawala za kikomunisti za Ulaya Mashariki zilikaa miaka 40 juu ya "Zidumu" za namna hiyo. Vifaru zilikuwa navyo, na mashushushu hawakuhesabika. Kilichozibeba kila siku kilikuwa kuitikia kwa watu wasioamini wanachokiitikia. Watu hao walipoacha kuitikia, tawala zile zilidondoka kwa miezi michache.

Tazameni Leipzig, Ujerumani Mashariki. Tangu mwaka 1982, katika Kanisa la Mtakatifu Nikolao, kila Jumatatu jioni kulikuwa na maombi ya amani. Kwa miaka mingi waliofika ni wachache. Tarehe 9 Oktoba 1989 barabara zilijaa askari, na kila mtu alikumbuka risasi za Beijing za tarehe 4 Juni mwaka ule ule. Watu kama 70,000 walitoka wakaandamana, wengi na mishumaa mkononi. Mchungaji wao, Christian Führer, alikuwa akieleza kwamba mshumaa unataka mikono miwili: mmoja wa kuushika, mmoja wa kuukinga usizimwe na upepo, hivyo hakuna mkono unaobaki wa kubeba jiwe. Enyi wavuvi, mnahitaji kufafanuliwa hilo? Ninyi mliokinga moto wa kiberiti kwa kiganja huku mtumbwi unayumba? Jioni ile hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Au tazameni Waestonia, Walatvia na Walithuania. Tarehe 23 Agosti 1989, watu kama milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn hadi Vilnius, zaidi ya kilomita 600. Ziwa letu la Tanganyika lina urefu wa kilomita kama 670. Basi simama bandarini Kigoma, mshike mkono jirani yako, naye amshike wa kwake, mpaka Burundi kule kaskazini na Mpulungu kule kusini, mchana kweupe, kila mmoja akionwa uso na kila mmoja. Huo ndio mnyororo walioufunga, na mwaka 1991 wakawa nchi huru.

Mtu ataniuliza: kwa nini hawakuchukua bunduki? Pwani hii inalijua jibu. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa usiku kutoka hapa Kigoma, yeye na Wakuba wake, kwenda kuwasha mapinduzi Kongo. Novemba alirudi ufuoni kwetu ameshindwa. Na mnaikumbuka Kagunga ya mwaka 2015, Warundi wamelala mchangani kwa maelfu, kipindupindu kinawamaliza, meli ya Liemba inakwenda na kurudi kuwabeba. Sisi hatuhitaji kufundishwa damu ni nini. Wala siwadanganyi kwamba mshumaa una kinga. Timişoara, Romania, Desemba ya mwaka ule wa 1989, waumini waliizunguka nyumba ya mchungaji wao László Tőkés asifukuzwe, na kabla mwezi haujaisha zaidi ya watu elfu moja walikuwa wameuawa nchini humo. Ujasiri una gharama. Hata kuitikia "Zidumu" kulikuwa na gharama, na baba aliilipa kila asubuhi.

Ujamaa wetu haukuwa ukomunisti wa Moscow, na nisingependa mtu aseme nimefananisha. Mwalimu Nyerere alitupa shule na lugha moja. Na Februari 1990, alipoiona Ulaya Mashariki inatikisika, ni yeye mwenyewe aliyewaambia waandishi wa habari kwamba chama kimoja si msahafu. Tume ya Jaji Nyalali ikapita nchi nzima. Asilimia 77.2 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Tume ikawasikiliza na hao wachache, na tarehe 1 Julai 1992 mlango wa vyama vingi ukafunguliwa. Sijui mahali pengine ambapo mlango huo ulibishwa kwa nguvu kama hapa. Mwaka 1994 Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA aligombea Kigoma Mjini katika uchaguzi mdogo, akatangazwa kuwa ameshindwa. Hakuchukua bunduki. Alikwenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Rufani, redio ya taifa ikasemwa waziwazi kwa kuegemea upande mmoja, na matokeo yakabatilishwa. Mwaka 1995 akachaguliwa.

Asubuhi moja ya mwaka ule wa 1995, mtumbwi umegusa mchanga, wachuuzi wamejaa na ndoo zao, baba alitaja kwa sauti jina la atakayempigia kura. Jua lilikuwa limeshatoka. Karabai alikuwa hajaizima.

Nikodemo naye mwishoni alitoka. Alifika msalabani na manemane, ratili mia, mzigo ambao mtu hauchukui kwa siri. Na wewe? Ushuru wa mwalo unaoulalamikia ndani ya mtumbwi, fedha za zahanati unazozihesabu kitandani na mkeo, utazibeba usiku mpaka lini? Mkutano wa mtaa unakuja. Mapato na matumizi yatasomwa haraka haraka, kisha mwenyekiti atauliza kama kuna swali. Simama, ndugu yangu. Taja jina lako kwanza.