Mgeni Anapomlisha Mwenyeji

Kila baada ya miaka 5 barabara zetu za Nyanda za Juu, kuanzia Ilula hadi Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, hata kushuka Tukuyu, hupata wageni wengi. Magari hupita yakipiga muziki, vumbi la kiangazi hutimka, na watoto hukimbia nyuma yake. Mgombea hushuka, huwashika mikono wazee, humpakata mtoto asiyemjua, na wengine huomba jembe wakalima tuta moja mbele ya mpiga picha. Hatuwacheki. Mtu anayetaka kuwatumikia watu hana budi kuonana nao, na kuonana kuna adabu zake. Lakini yako mambo yafanyikayo baada ya hotuba, nyuma ya duka au ndani ya nyumba ya mtu, nayo yatupasa kuyafikiri, maana wanaoyapokea si watu wa mbali. Ni sisi wenyewe.

Tunasema habari za khanga, kilo ya sukari, fulana, pombe ya komoni kilabuni, na noti iliyokunjwa ndani ya kiganja wakati wa kuagana.

Jambo hili lilitafutiwa jina zuri. Mwaka 2000 Bunge letu liliibadili Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, ikasemwa kwamba kitu kilichotolewa kwa nia njema, kwa ukarimu wa kawaida au wa kijadi, kisihesabiwe kuwa ni rushwa. Watu wakakiita takrima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na vyama viwili vingine wakapeleka shauri Mahakama Kuu, na tarehe 24 Aprili 2006 majaji 3 wakaamua kwamba vifungu vile ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na mali mbele ya mwenzake aliye nayo. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa upande wa sheria, basi, neno lile limekwisha kuzikwa. Kwa upande wa mioyo bado, na kila msimu wa uchaguzi tunamwona marehemu akitembea.

Sisi tuliofundisha Kiswahili kwa miaka mingi tuna tabia ya kuyachungulia maneno ndani. Takrima ni ndugu wa ukarimu, na karamu, na karama. Sasa tuulize: nani hukirimu? Kwa Wahehe, kwa Wabena, kwa Wanyakyusa, na kwa kila kabila tulilokaa nalo, mwenyeji ndiye hukirimu. Mgeni hupewa kiti, hunawishwa mikono, huletewa ugali au ndizi. Mgombea amekuja kijijini kwetu. Yeye ndiye mgeni. Imekuwaje basi mgeni amlishe mwenyeji, na jambo hilo liitwe desturi ya wazee wetu?

Mtu atasema kwamba hata mgeni haji mikono mitupu. Ni kweli. Shangazi akija kututembelea huleta kuku au sukari. Lakini shangazi alileta pia mwaka jana, wala hakuna uchaguzi, na ataleta tena mwakani hata kama tumekosana naye katikati. Tena huwapa watoto, ambao hawana kura. Mgombea apimwe kwa kipimo cha shangazi, tutajua analeta zawadi au analeta bei.

Wako wenzetu wenye jibu jingine, na jibu lao lina nguvu. Wanasema kura ni siri. Chukua khanga yake, kula sukari yake, kisha ndani ya chumba cha kura umpe umtakaye. Mjane mwenye watoto wanne aambiwe airudishe sukari? Sisi hatumhukumu mama huyo, wala hatudhani kwamba Mungu atamwuliza yeye kabla ya kumwuliza aliyeileta. Na kwamba kura yake ni siri ni kweli kabisa. Kama kitu kinachonunuliwa kingekuwa kura tu, huenda tungenyamaza.

Hapa hatuna budi kukiri jambo letu wenyewe. Tulipokuwa tukifundisha darasa la saba katika shule moja mkoani Mbeya, mzazi mmoja alituletea jogoo mwekundu, wiki moja kabla ya mitihani ya muhula. Hakuomba neno lolote. Tulimchinja jogoo, tukamla na jamaa zetu, akawa mtamu. Karatasi ya mtoto wake tuliisahihisha kwa haki, wala hatukumwongezea hata alama moja. Lakini mtoto yule alikuwa ameanza utoro, na mwezi uliofuata ilitupasa kumwita baba yake na kumweleza bila kuficha. Tukaahirisha. Juma la pili tukaahirisha tena. Tulipokutana naye sokoni tulizungumza habari za mvua na bei ya mbolea. Mtoto aliacha shule kabla ya kumaliza, na hata leo tukimwona akisukuma mkokoteni pale stendi tunapita upande wa pili wa barabara. Jogoo hakununua alama. Alinunua ukimya wetu.

Ndivyo ilivyo kwa khanga na noti. Kura utaificha, lakini kinywa chako hutakificha. Zahanati ikikosa dawa mwaka wa pili, barabara ya vumbi ikikatika masika, nani atasimama mkutanoni amwulize mbunge au diwani? Aliyekula hukumbuka, na aliyelisha hukumbuka zaidi. Yeye moyoni husema kwamba watu hawa nilikwisha kuwalipa, hesabu yetu imefungwa. Tena fedha ile imetoka mahali. Tarehe 1 Mei 1995, siku ya wafanyakazi, Mwalimu Nyerere alihutubia papa hapa Mbeya, akawahoji wale wanaotumia fedha kutafuta kuingia Ikulu: wamezipata wapi, na kama wamekopa, watazirudishaje? Swali hilo latosha pia kwa kiti cha udiwani.

Sisi tulio na umri huu tunakumbuka namna nyingine. Tukiwa watoto mwaka 1970 tulikimbilia mkutano kuona wagombea wawili wa ubunge wakiwa jukwaa moja, mmoja alama yake jembe na wa pili alama yake nyumba. Chama ndicho kilichoandaa mikutano, nao walizunguka pamoja jimboni, kila mmoja akipewa nafasi ya kusema na kuulizwa. Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Chama kilikuwa kimoja, wagombea hao wawili walipitishwa na chama, na yako maswali ambayo mtu hakuthubutu kuyauliza. Kwa hiyo hatuwaombei vijana wetu warudishwe kule. Lakini uwanjani maswali yalikuwa mengi, na wagombea walijibu kwa jasho, maana hawakuwa wametupa kitu isipokuwa majibu yao.

Katika kitabu cha pili cha Samweli tunasoma habari za Absalomu mwana wa Daudi. Aliamka asubuhi na mapema, akasimama kando ya njia ya lango, akawaita waliokuja na mashauri yao, akawauliza wametoka mji gani, akawasikitikia, akawashika na kuwabusu. Kila aliyepita alijiona anapendwa. Mara nyingi tumehubiriwa juu ya uasi wake na ule mti uliomnasa. Sisi kama walimu huwa tunatazama jambo dogo: watu wale walikuja langoni na kesi, wakarudi nyumbani na busu. Hatusomi mahali popote kwamba aliamua hata shauri moja.

Na Kanisa je? Parokia moja, ambayo hatutaitaja, ilikuwa ikijenga. Mgombea akaja Jumapili, akapewa kiti cha mbele, na baada ya matangazo akaruhusiwa kusalimia. Akaahidi mabati 60. Akina mama wakapiga vigelegele. Juma lile baraza la parokia likakaa hadi usiku. Wengine walisema bati halina chama, nalo likishapigwa misumari halimkumbuki aliyelileta. Mzee mmoja akauliza kama mgombea wa pili akija Jumapili ijayo na mabati 80, je, wa kwanza atahamishwa kiti? Mwisho waliandika barua ya adabu kumshukuru, wakamwomba ayalete mabati baada ya uchaguzi, akishinda au akishindwa. Kanisa lile limekwisha kuezekwa sasa, kwa michango ya waumini, na ilichukua miaka 4.

Upande wa Mufindi tulisimuliwa jambo jingine. Mgombea alifika kijijini saa nane mchana, amechoka, na njaa inaonekana usoni. Bibi mmoja akamkaribisha kwake pamoja na dereva wake, akawapa viazi na chai. Akawaacha wale hadi wakamaliza, maana si adabu kumsumbua mgeni aliye na chakula mkononi. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akamwuliza kama daraja lililochukuliwa na maji litajengwa kwa fedha za halmashauri au wananchi watachangishwa tena. Mgombea akaanza kueleza mipango ya maendeleo. Bibi akamkatiza kwa upole.

"Mwanangu, hotuba tumeisikia pale uwanjani. Mimi nimekuuliza daraja."

Akakiri kwamba hajui.

"Basi nenda ukaulize, urudi unijibu. Chai itakuwapo."