Gita Moja Ikikosa

Wenge Musica waliachana mwaka 1997. Mwaka 2022 wakapanda tena jukwaani pamoja kule Kinshasa. Lakini ugomvi wao ulikuwa wa uongozi. Na sisi wa Bunia, je? Vita ya 1999 mpaka 2003 ilitawanya vijana waliokuwa wakipiga gita pamoja, na wengine hawakurudi.

Watu mingi wanasema: tupige tu, muziki inasahaulisha. Ndugu msomaji, mimi sikubali. Ndani ya sebene kila gita iko na kazi yake: solo, mi-solo, akompanyema. Moja ikikosa, masikio inajua. Basi wenzetu wa zamani wakikutana, kwanza wamtaje asiyekuwepo, na waseme kwa nini hayupo. Kisha wapige, na nafasi yake isizibwe haraka.