Masikio Kabla ya Kalamu

Wanangu mnaotaka kuandika, kila mara mnaniuliza msome vitabu gani. Someni, sikatazi. Lakini leo nawapa habari za Mhispania mmoja, Benito Pérez Galdós, aliyefunzwa na miguu na masikio kuliko na mwalimu yeyote.

Alizaliwa Las Palmas, visiwa vya Canary, mwaka 1843. Mwaka 1862 akapelekwa Madrid kusomea sheria. Darasani akawa mtoro. Akashinda mitaani, mikahawani na kwenye kumbi za tamthilia, akisikiliza watu wanavyosema. Siwatumi mtoroke shule! Ila mazungumzo yale ya wachuuzi na makarani ndiyo yaliyokuja kujaa Fortunata y Jacinta, riwaya ya mke wa ndoa na hawara wanaomgombea mwanamume asiyemstahili hata mmoja wao.

Alipokusudia kuandika habari za vita vya Trafalgar, vya mwaka 1805, alikutana mjini Santander na mzee aliyekuwamo vitani, enzi hizo akiwa mvulana wa kazi katika manowari Santísima Trinidad. Akamsikiliza. Kitabu kikatoka 1873, cha kwanza katika riwaya 46 za historia ya nchi yake. Angechelewa kidogo, mzee angezikwa na habari zake. Nanyi mna wazee nyumbani ambao hamjawauliza hata walizaliwa wapi.

Kwa ajili ya riwaya yake Misericordia, ya 1897, alijifanya daktari wa manispaa ili apate kuingia makazi ya mafukara wa Madrid. Hilo silipendi, maskini naye ana haki ya kumjua anayemchungulia. Hata hivyo, humo ndimo alimotoka Benina, mtumishi anayeombaomba kwa siri ili mama mwenye nyumba aliyefilisika asilale njaa, huku akimdanganya kwamba anapata kibarua kwa padri. Mali inaporudi, Benina anawekwa kando. Mtu wa kukaa mezani tu hamtungi mwanamke kama yule.

Uzeeni Galdós alipofuka, lakini hakuacha kazi: yeye akitamka, mwingine akiandika. Alifariki Madrid tarehe 4 Januari 1920.

Basi Jumapili hii chukueni daftari mwende kwa bibi zenu. Waulizeni walikotoka, msiwakatize, na muwaambie wazi kwamba mnaandika.